Kisanduku cha wifi cha zamani kutoka Ulaya: bado kinaweza kuhudumia nyumba nzima?

Katika mizigo ambayo ndugu walioko Bruxelles, Paris ao Dallas wanatuma Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, katikati ya nguo, viatu na simu zilizotumika, mara nyingine kunatoka kisanduku cheupe chenye alama ya tunda lililong'atwa. Hakina kioo, hakina antena inayoonekana, na karatasi ya maelezo ilipotea zamani. Kinachomekwa kwenye prizi, taa ndogo inawaka rangi ya machungwa, inaanza kupepesa, na habari inaishia hapo. Kinawekwa juu ya kabati. Miezi inapita.

Kisanduku hicho kinaitwa AirPort. Ni kituo cha wifi kilichotengenezwa na kampuni ya Kimarekani Apple tangu mwaka 1999 hadi Aprili 2018, siku kampuni hiyo ilipotangaza kwamba inaacha kazi ya kutengeneza ruta. Vingi vilivyobaki Ulaya na Marekani ni vizima kabisa. Wenyewe wamenunua vipya tu. Na huku mashariki mwa Congo, ambako katika nyumba moja baba ananunua mega zake, mama zake, na watoto wawili wa chuo kikuu zao, kifaa kinachoweza kugawia simu zote mtandao mmoja si mchezo wa wapenzi wa mashini. Ni hesabu ya franga za kila juma. Lakini kifaa hicho hicho kikiwekwa vibaya kinaweza kumaliza mega za mwezi kwa siku tatu, ao kumfungulia jirani mlango asioujua mwenye nyumba.

Kilianza na kuruka kwa mtu

Tarehe 21 Julai 1999, jijini New York, Steve Jobs alionyesha watu kompyuta mpya ya iBook iliyosoma intaneti bila waya wowote. Ili kuthibitisha jambo hilo, mkubwa mwingine wa kampuni hiyo, Phil Schiller, aliruka kutoka juu na kuangukia godoro huku kompyuta ikiwa mkononi, ikituma habari hewani. Watu walicheka na kupiga makofi. Kituo chenyewe, chenye umbo la sahani iliyofunikwa, kiliuzwa dola 299, na kadi ya kuingiza ndani ya kompyuta dola 99. Kasi yake ilikuwa megabiti 11 kwa sekunde, na kiliweza kufikia umbali wa mita 45 hivi.

Siku zile watu wengi hawakuwa wamesikia neno wifi. Baadaye vikafuata vingine: cha mwaka 2003 chenye umbo lile lile la sahani lakini cheupe, kidogo cha mwaka 2004 kinachochomekwa moja kwa moja ukutani, vya mraba kuanzia mwaka 2007, na cha mwisho, kirefu kama mnara mdogo, cha mwaka 2013.

Tofauti hizo si za sura tu. Ndizo zinaamua kama kisanduku kilichofika nyumbani kinafaa kazi ao kinafaa kushikilia mlango usifungwe na upepo.

Geuza, soma namba ya chini

Chini ya kila kisanduku kuna maandishi madogo sana, na kati yake kuna namba inayoanza na herufi A. Kwa vile vikubwa vinavyoitwa AirPort Extreme, A1034 ni sahani ya 2003. A1143 ni mraba wa kwanza, wa 2007. A1301 na A1354 ni vya 2009, A1408 ni cha 2011, na A1521 ni ule mnara wa 2013. Kwa vidogo vinavyoitwa AirPort Express, A1084 ni cha 2004, A1264 ni cha 2008, na A1392 ni cha 2012.

Wa zamani zaidi, yaani A1034 na A1084, wanaishia megabiti 54 kwa sekunde katika maandishi, na chini ya nusu yake katika maisha ya kweli. Mtu wa Ulaya mwenye waya wa fibra anaona hiyo ni konokono. Kwa nyumba ya Uvira ao Beni inayotumia 4G, mara nyingi si kisanduku kinachochelewesha, ni mtandao wenyewe unaoingia. Ruta mpya ya dola 80 haiwezi kuongeza hata tone moja juu ya kile ambacho mnara wa kampuni ya simu unaleta. Hilo wauzaji hawalisemi.

Kwa hiyo kasi si sababu ya kuvitupa hivi viwili vya zamani. Sababu ni usalama, na itafika mbele kidogo.

Simu ya Android haitoshi

Kizuizi cha kwanza ndicho kinachopeleka vingi vya visanduku hivi juu ya kabati. Ruta nyingi zinafunguliwa kwa kuandika namba fulani kwenye kivinjari cha simu, ukurasa unatokea, mtu anaandika neno la siri na kuendelea. AirPort haina ukurasa huo. Namba yake ya nyumbani ni 10.0.1.1, lakini ukiiandika kwenye kivinjari hakuna kitakachofunguka. Inapangwa kwa programu yake peke yake, AirPort Utility, na Apple haikuwahi kutengeneza programu hiyo kwa simu za Android, ambazo ndizo karibu kila mkaaji wa kartie zetu anazo mkononi.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuazima iPhone ao iPad kwa nusu saa. Ya pili ni kompyuta ya Mac. Ya tatu ni kompyuta ya kawaida ya Windows iliyowekwa AirPort Utility 5.6.1, ambayo ni ya zamani lakini inashika kazi. Kwa visanduku vya 2003 na 2004, njia zinapungua tena: programu mpya za namba 6, na pia ile ya iPhone, hazivitambui kabisa, na inahitajika ile ya 5.6. Kuna watu wamemaliza siku nzima wakidhani kisanduku kimekufa, kumbe ni programu isiyokijua.

Kikishapangwa mara moja, Android, Tecno ya mtoto, televisheni na mashini ya kuchapa vyote vinaingia bila shida. iPhone ya kuazima inarudi kwa mwenyewe.

Kabla ya kupanga, kisanduku kinapaswa kusahau nyumba ya kwanza. Kinachomolewa kwenye umeme, kitufe kidogo cha kurudisha upya kinabonyezwa kwa ncha ya kalamu nyembamba ao sindano iliyonyooshwa, na kikiwa bado kimebonyezwa kisanduku kinachomekwa tena, hadi taa ipepese haraka haraka. Hapo kidole kinatolewa. Baada ya dakika moja hivi, iPhone ikifunguliwa sehemu ya wifi inaonyesha yenyewe kwamba kuna AirPort mpya inayongoja kupangwa. Taa ya machungwa inayopepesa haimaanishi kuharibika; inamaanisha kuna jambo halijakamilika. Ya kijani isiyopepesa ndiyo inayotafutwa.

Mtandao unaingilia wapi?

Hapa ndipo desturi ya Ulaya na ya kwetu zinaachana. Kisanduku hiki kilitengenezwa kwa nyumba ambamo waya wa intaneti unatoka ukutani. Nyuma yake kuna tundu moja la kuingizia mtandao, na kwenye vya mraba kuna mengine matatu ya kuutoa. Tundu la USB lipo pia, na wengi wanalikimbilia wakiwa na kijiti chao cha modemu ya 3G ao 4G. Halifanyi kazi hiyo. Lile ni la mashini ya kuchapa ao diski ya kutunzia mafaili, basi.

Vile visanduku vidogo vya mfukoni vya 4G, vyenye betri, mara nyingi havina tundu la waya. Na AirPort haiwezi kuchukua wifi ya ruta ya kampuni nyingine hewani na kuipeleka mbele: kazi hiyo ya kurefusha mtandao inafanyika kati ya AirPort na AirPort tu. AirPort Express inaweza kujiunga na wifi ya nyumba ili kupiga muziki kwenye spika, jambo zuri kwa sherehe, lakini hairefushi wifi hiyo hata hatua moja.

Kinachohitajika ni ruta ya 4G ya mezani yenye tundu la waya, ao antena ya setilaiti. Mwezi wa Mei 2025, ARPTC, chombo cha serkali kinachosimamia mawasiliano, ilitoa leseni kwa Starlink katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, baada ya kukataza vifaa hivyo mwaka 2024. Mwenye Starlink ya kizazi cha tatu anakuta matundu mawili ya waya kwenye ruta yake. Mwenye kizazi cha pili hana hata moja. Anapaswa kununua kiungo cha kando. Ni vema kujua hilo kabla ya kutoka nyumbani kwenda kutafuta waya sokoni.

Waya ukishatoka kwenye ruta ya kwanza na kuingia AirPort, kunakuwa na wakubwa wawili nyumbani. Ruta ya 4G inagawa namba kwa vifaa, na AirPort nayo inataka kugawa zake. WhatsApp inaweza kupita, ukurasa unaweza kufunguka, lakini taa inabaki ikipepesa, mashini ya kuchapa iliyo upande mmoja haionekani kutoka upande wa pili, na mazungumzo ya video yanaweza kukatika bila sababu inayoeleweka. Dawa ni kuiambia AirPort iache ukubwa na ibaki daraja. Katika programu, kwenye sehemu ya mtandao, inachaguliwa hali ya daraja. Kwa simu iliyo katika Kifaransa, neno la kutafuta ni pont. Kuanzia hapo ruta ya kwanza peke yake inagawa namba, na AirPort inapeleka tu.

Hali hiyo ina bei yake. AirPort za kuanzia 2009 zinaweza kufungua mtandao wa pili wa wageni, wenye neno lake la siri, usioona kompyuta za nyumba. Zikiwa daraja, mtandao wa wageni haupatikani. Nyumba yenye wageni wengi, ao yenye duka dogo mbele, inafaa ifikirie kwanza kama ruta yake ya 4G yenyewe inaweza kutoa mtandao wa wageni. Nyingi zinaweza.

Mawe, mbao na mabati

Goma ni mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano na kwa mawe hayo. Ukuta wa mawe mazito ao wa saruji unakula mawimbi ya wifi, hasa yale ya 5 GHz yaliyo ya kasi zaidi. Yale ya 2.4 GHz yanapenya vizuri kidogo. Mabati ni mabaya kuliko yote: yanarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Katika nyumba ya mbao, kinyume chake, wifi inapita kila chumba bila kusumbuka, na inaendelea hadi barabarani.

Kwa sababu hiyo mahali pazuri ni katikati ya nyumba na juu kidogo, si nyuma ya frigo, si chini ya kitanda. Kama ruta ya kwanza iko dirishani ili kushika 4G vizuri, basi AirPort inapelekwa kwa waya hadi chumba cha ndani, na vyote viwili vinapewa jina moja na neno la siri moja, ili simu ihame yenyewe. Kwenye 2.4 GHz inafaa viwekwe kwenye njia tofauti kati ya 1, 6 na 11, kwani njia hizo tatu hazigongani.

Umeme nao ni jambo. AirPort za mraba zina shareji yake ya kando inayotoa volti 12 na ampea 1.8, na inapokea umeme wa volti 100 hadi 240, kwa hiyo cha Marekani hakiungui huku. Kinachokosekana ni kichwa cha fishi tu. Volti 12 ni habari njema kwa nyumba yenye sola. Lakini betri ya volti 12 inayochajiwa na jua inapanda kupita 14, na kuiunga moja kwa moja ni kucheza bahati nasibu na kifaa. Fundi anaweka kati yake kirekebishi cha volti, kidogo na cha bei nafuu. Mnara wa 2013 na AirPort Express havina njia hiyo: vinataka umeme wa prizi.

Mega zinazotoroka usiku

Hili ndilo linaloumiza watu, na halimo katika karatasi yoyote ya Apple. Simu ikiona wifi inadhani iko Ulaya. Inaamini kwamba mtandao ni wa bure, inaanza kupakua programu mpya, inapeleka picha zote kwenye hifadhi ya mbali, na WhatsApp inashusha video za makundi yote. Simu nne zikifanya hivyo usiku mmoja nyuma ya ruta moja ya 4G, asubuhi mega zimekwisha na kila mtu anamtazama mwenzake.

Katika Android, kwenye maelezo ya wifi ya nyumbani, kuna sehemu ya kuiambia simu kwamba mtandao huu una kipimo. Katika iPhone kuna hali ya kutumia data kidogo. Katika WhatsApp, kushusha picha na video kwa wifi kunazimwa upande wa kuhifadhi na data. Ni kazi ya dakika tano kwa kila simu, na inafaa kufanywa siku ile ile kisanduku kinapowashwa, pamoja na simu ya mgeni anayeomba neno la siri.

Kipi kiachwe

Sasa usalama. Ulinzi wa kwanza wa wifi, unaoitwa WEP, ulivunjwa mwaka 2001 na wataalamu Fluhrer, Mantin na Shamir. Leo ni kazi ya dakika chache kwa kijana mwenye kompyuta. Kisanduku kikitoa chaguo hilo, kisikubaliwe. Kinachochukuliwa ni WPA2, chenye neno la siri refu. Na lile neno la kufungulia kisanduku chenyewe, ambalo kiwandani lilikuwa public kwa vyote, linabadilishwa pia. Wengi wanabadilisha la wifi na kusahau hili la pili.

Mwaka 2017 mtafiti wa Kibelgiji Mathy Vanhoef, wa chuo kikuu cha KU Leuven, alionyesha kwamba hata WPA2 ina ufa, uliopewa jina la KRACK. Apple ilitoa dawa Desemba mwaka huo kwa AirPort za kuanzia 2007, na masahihisho mengine yakaja mwaka 2019: programu ya ndani namba 7.8.1 kwa za kati, na 7.9.1 kwa za 2013. Ndiyo namba za kutafuta katika programu ya kupangia, na kama hazipo, kisanduku kifanywe upya kabla ya jambo lolote lingine. Za 2003 na 2004 hazikupewa dawa hiyo.

Je, kuna mtu kweli anayejali ruta moja ya Kalemie? Wezi wa mtandao hawachagui mji. Mei 2018 wataalamu wa Cisco Talos walitangaza kwamba programu mbaya VPNFilter imeingia katika ruta zaidi ya 500.000, katika inchi zisizopungua 54. Mei 2025 FBI ya Marekani ilionya kuhusu ruta za zamani zisizofanyiwa masahihisho tena, zilizogeuzwa kuwa njia ya kujificha kwa wezi: uhalifu unafanywa mbali, anwani inayoonekana ni ya nyumba ya mtu asiyejua chochote. Orodha ile ilitaja modeli za Linksys na Cisco, si za Apple. Lakini AirPort nazo ziko katika hali ile ile ya kutotazamwa na aliyezitengeneza.

Hapo hali ya daraja inaleta faida ya pili. Kisanduku cha zamani kikikaa nyuma ya ruta mpya zaidi, hakisimami tena mlangoni kwa intaneti. Kwa nyumba ya kawaida, AirPort ya 2009 ao ya baadaye, yenye programu ya mwisho, WPA2 na daraja, ni zawadi ya kukubaliwa. Ya 2007 ni ya kukubaliwa ikiwa hakuna nyingine. Kununua ya 2003 sokoni, hata kwa dola 5, si biashara.

Upande wa anayetuma nako kuna jambo. Kisanduku kisichofutwa kinabeba jina la wifi yake ya Ulaya, neno lake la siri, na mara nyingine hata neno la siri la mkataba wake na kampuni ya intaneti. Ndugu yake mkubwa, Time Capsule, anayefanana na AirPort kwa sura, ana diski ndani yake iliyotunza nakala ya kompyuta nzima: barua, picha, hati za ukaaji. Kurudisha kisanduku upya kwa kitufe hakufuti diski hiyo. Inafutwa kando, kwa AirPort Utility, kabla mzigo haujafungwa. Na zile ruta ambazo kampuni za simu za Ulaya zinawapa wateja wao mara nyingi ni mali ya kampuni, zinadaiwa mkataba ukiisha, na hazikubali mtandao mwingine. Picha ya namba iliyo chini ya kisanduku, ikitumwa kwanza kwa WhatsApp, inatosha kujua kama inafaa kulipia kilo. Na shareji yake isisahaulike Bruxelles.